Kimeharibika, tatizo liko wapi? Mwongozo wa Nyanda za Juu Kusini, kutoka ghalani mpaka kwenye matembezi

Chakula kikiharibika Dar es Salaam, joto linabeba lawama zote. Huku Mbeya, Iringa na Njombe kisingizio hicho hatuna, lakini mahindi yanaota ukungu vilevile, maziwa yanakatika jikoni, na wageni wa sherehe wanaamka wakishika matumbo. Wengi tunaihesabu baridi kuwa friji tuliyopewa bure. Baridi ya huku inachelewesha uozo tu, na mara nyingi inakuja na unyevu, ambao ndio mharibifu mwenyewe. Karibu kila tatizo lililoorodheshwa hapa lina mkono wa mmoja wao.

Tafuta dalili yako, anza na sababu ya kwanza maana ndiyo inayotokea zaidi, kisha shuka. Penye neno SIMAMA, acha kujaribu mwenyewe.

Dalili: Ukifungua gunia la mahindi unakuta joto, harufu ya ukungu, punje zimeshikana

1. Yaliingia ghalani hayajakauka. Hii ndiyo sababu kuu, na inawapata hata wakulima wazoefu. Upepo wa Juni na Julai unakausha ganda la nje haraka, ukishika punje unaona kavu, kumbe ndani bado ina maji. Kung'ata kwa jino kunasaidia kidogo, lakini kipimo cha chumvi ni bora zaidi na hakina gharama. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, tia mahindi mpaka theluthi moja, ongeza vijiko vichache vya chumvi iliyokauka, funga, tikisa vizuri, kisha iache itulie kwa dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15, rudisha mahindi juani. Isipoganda uko chini ya 15, ila lengo la kuhifadhi kwa miezi mingi ni asilimia 13, kwa hiyo yaongezee siku ya jua au mbili.

2. Gunia limelala sakafuni au limeegemea ukuta. Saruji inavuta maji kutoka ardhini. Angalia kama ukungu umeanzia chini au upande mmoja tu. Ukiona hivyo jibu umelipata. Weka chaga za mbao na acha nafasi ya kupita mtu kati ya magunia na ukuta.

3. Bati linatokwa jasho. Usiku ukiwa wa baridi kali, hewa yenye unyevu ndani ya ghala inageuka matone chini ya bati, na alfajiri yanadondokea magunia ya juu. Watu wanapanda juu ya nyumba kutafuta tundu ambalo halipo. Ingia ghalani saa kumi na mbili asubuhi siku ambayo mvua haikunyesha, upapase bati kwa ndani. Likiwa limelowa, shida ni hewa. Toboa madirisha ya juu na uyawekee wavu.

4. Yalianza kuoza yakiwa shambani. Ukungu mweupe au wa rangi ya waridi kwenye gunzi unapenda ubaridi na mvua zetu, hasa pale mahindi yanapolala chini au ndege wanapofungua maganda. Kukausha hakuondoi sumu iliyokwisha kutengenezwa. Chambua magunzi kabla ya kupukuchua, maana ukishapukuchua umechanganya.

Kwa tatizo dogo, mwaga mahindi juu ya turubai (si juu ya udongo), geuza mara kwa mara, ingiza ndani kabla umande wa jioni haujaanza, kisha ondoa punje zilizobadilika rangi, zilizovunjika na zilizosinyaa.

SIMAMA kama ukungu umeenea gunia zima. Sumukuvu haiondoki kwa kuchemsha, kukaanga wala kukoboa peke yake, na punje inaweza kuwa nayo bila kuonyesha rangi yoyote. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Usiyapeleke kwa kuku, usimpe ng'ombe wa maziwa (sumu inapita kwenye maziwa na kumrudia mtoto wako), na ule mtindo wa kusema "haya yatafaa kwa pombe" uachwe kabisa. Mwite afisa ugani au afisa afya wa kata. Na usijaribu kuokoa mahindi mabichi kwa kuyakausha ndani ya chumba wanacholala watu kwa jiko la mkaa. Moshi wake usioonekana unaua.

Dalili: Unga umejaa chini ya gunia, punje zina matundu

Chekecha kidogo kwenye chekeche uangalie aliyeanguka. Mdudu mdogo mweusi wa mviringo, kichwa kimejificha chini, na unga mwingi mno: huyo ni dumuzi. Asili yake ni Amerika ya Kati, na hapa nchini alianza kuonekana Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980. Anapenda sana mahindi yaliyohifadhiwa na magunzi yake, kwa hiyo kihenge cha magunzi yaliyoning'inizwa ni karamu kwake. Pukuchua mapema. Mdudu mwenye mdomo mrefu kama mkonga ni fukusi. Unga wake ni mchache, na mara nyingi ametoka shambani akiwa tayari ndani ya punje.

Njia ninayoiamini kuliko dawa ni mifuko ya kinga njaa, ile yenye mifuko miwili ya plastiki ndani na kiroba nje. Hewa ikiisha, wadudu wanakufa. Ukisikia mtu anasema mifuko hiyo "haifanyi kazi", muulize mambo matatu kwa mpangilio huu. Je, anaifungua kila siku kutoa chakula? (Karibu kila mara jibu ni ndiyo. Gunia la kula liwe pembeni, ya akiba yasiguswe.) Je, panya wametoboa? Je, mahindi yalikuwa na vipande vya magunzi vilivyochana plastiki? Na kila mfuko ufungwe peke yake; ukifunga yote mitatu kwa kamba moja hewa inapita.

Ukitumia dawa ya vumbi, iwe iliyosajiliwa kwa nafaka, na upime kwa kipimo cha kwenye lebo. Dawa ya shambani haiingii ghalani hata kama jirani aliitumia na "hakufa mtu".

SIMAMA kabla hujagusa vidonge vya kufukiza. Vinatoa gesi ya fosfini, na gesi hiyo haichagui kati ya fukusi na watoto waliolala chumba cha pili. Kazi hiyo ni ya mtu aliyefunzwa, kwenye ghala lisilolaliwa. Mtu akiumwa kichwa, akitapika au akibanwa kifua baada ya vidonge kuwekwa, mtoeni nje na mwende hospitali mkiwa na kopo la dawa mkononi.

Dalili: Chipsi zinatoka nyeusi kabla hazijaiva

Wauza chipsi wa Mwanjelwa na Makambako wanalaumu mafuta. Mafuta yaliyochoka yanachangia kweli, basi anza kuyabadilisha ujaribu tena. Zikiendelea kuwa nyeusi, tazama viazi vimelala wapi. Viazi vikikaa kwenye baridi kali, chini ya nyuzi 8 hivi, wanga wake unageuka sukari, na sukari ndiyo inayoungua. Usiku wa Julai kule Makete, Kikondo au Njombe unafika huko bila friji yoyote. Na ukiviweka kwenye friji umelifanya tatizo hilo kwa mkono wako. Tiba ni kuviweka kwenye chumba chenye vuguvugu na giza kwa wiki moja au mbili kabla ya kukaanga. Sehemu kubwa ya sukari inarudi kuwa wanga. Sababu ya tatu ni aina ya kiazi: kuna viazi vizuri kwa kuchemsha ambavyo havitakaa viwe chipsi nzuri, fanya unavyotaka.

Dalili: Viazi vimekuwa vya kijani, au vinatoa maji na kunuka

Kijani ni mwanga. Vile vindoo vinavyopangwa kando ya barabara pale Uyole vinapendeza, lakini kiazi kilichoshinda juani siku kadhaa kinajenga sumu na uchungu. Kijani kidogo cha juu, menya kwa kina. Kikiwa kimeingia ndani au kiazi kichungu mdomoni, tupa. Moto hauiondoi sumu hiyo.

Majimaji na harufu ni kuoza, na sababu zake kwa mpangilio ni hizi: viazi vilichunwa au kupondwa wakati wa kuvuna na kwenye lumbesa (gunia lililojazwa kupita kiasi), vilioshwa kabla ya kuhifadhiwa, vilivunwa ngozi haijakomaa (sugua kwa kidole gumba, ngozi ikitoka ni mapema), au ugonjwa ulitoka navyo shambani. Kwa tatu za kwanza, chambua, kausha kivulini, weka kwenye giza lenye hewa. Kwa ya nne, kata kiazi katikati. Ukiona duara la kahawia na ute mweupe ukitoka, huo ni mnyauko bakteria. Unaweza kuhakikisha kwa shina lililonyauka: likate, lining'inize kwenye glasi ya maji safi, subiri dakika chache, uzi mweupe kama maziwa utashuka.

SIMAMA. Usiuze wala kupanda mbegu hiyo, usimwazime jirani jembe, usipande nyanya wala bilinganya hapo, maana ugonjwa ni huohuo. Mwite bwana shamba, au peleka sampuli TARI Uyole, kituo cha utafiti wa kilimo.

Dalili: Maharage hayaivi, mkaa umeisha

Mgeni kutoka Kyela au pwani atadhani umeuziwa mawe. Mbeya mjini tuko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji huku yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Yanatokota vizuri tu, ila hayana moto uleule. Njombe, iliyo juu zaidi, yanachemka kwenye nyuzi za chini zaidi ya hapo. Kwa hiyo muda wa kupika uliouzoea Dar hauna maana huku.

Mwinuko huwezi kuubadilisha, basi kagua yanayobadilika. Je, yalilowekwa usiku kucha na maji yakamwagwa? Je, nyanya au limau vimetiwa mapema? Uchachu unazuia maharage kulainika. Viungo vingoje yaive. Je, ulikuwa unaongeza maji baridi katikati? Ongeza ya moto. Je, maharage ni ya msimu uliopita na yalikaa sehemu yenye joto na unyevu? Hayo yamekuwa magumu kwa asili sasa, na ni sufuria ya presha tu inayoyaweza. Magadi yanalainisha, ila yanaua vitamini. Kidogo sana, na si kila siku.

Usiyale yakiwa nusu. Maharage mekundu yasiyoiva yanatapisha vibaya, na watu wanasingizia nyama.

Dalili: Maziwa yanakatika ukiyachemsha

Kwanza, chombo. Kidumu cha plastiki chenye mikwaruzo ndani hakitakasiki hata ukikisugua kwa majivu na mchanga. Uchachu unaanzia humo. Pili, kuchanganya ya jana jioni na ya leo asubuhi. "Yalikuwa kwenye baridi" si utetezi, maana maziwa yaliyotoka kwenye kiwele yakiwa na joto la mwili yanachukua saa nyingi kupoa kama ndoo ni kubwa na imefunikwa. Yapoze haraka ndani ya beseni la maji ya bomba, ukiyakoroga. Tatu, ugonjwa wa kiwele: kamulia matone ya kwanza ya kila chuchu juu ya kitambaa cheusi, utafute mabonge, maji au damu. Nne, dang'a. Kama ng'ombe amezaa siku chache zilizopita, maziwa yake lazima yagande jikoni; ni ya ndama.

Kuna na malalamiko ya kinyume: maziwa hayagandi. Hapa kweli baridi ndiyo mshtakiwa wa kwanza. Chemsha, acha yapoe mpaka vuguvugu, tia kijiko cha mgando mzuri, funga kwa blanketi karibu na jiko. Yakikataa hata hivyo, uliza kama ng'ombe alichomwa sindano. Dawa za antibiotiki zinaua bakteria wanaogandisha, na kuchemsha hakuziondoi. Maziwa hayo humwagwa mpaka siku zilizoandikwa kwenye dawa ziishe.

Yakiganda lakini yametoa mapovu na harufu ya zizi, mwaga bila majadiliano.

SIMAMA kiwele kikiwa kigumu, cha moto, au ng'ombe akikataa kula: daktari wa mifugo aje leoleo. Nusu dozi ya dawa uliyobakiza mwaka jana inaharibu kiwele na maziwa pamoja.

Nyanya na parachichi, kwa ufupi

Nyanya za Ilula zikioza kitako zikiwa bado shambani, tatizo kubwa ni maji yasiyo na ratiba, siku mbili mafuriko na siku tano ukame, na chokaa ya udongo haifiki kwenye tunda. Zikiwa na vijitundu na vijia ndani, ni kantangaze, mdudu ambaye kiwavi wake huchimba nyanya. Zikioza kwenye tenga njiani, ni ujazo: zile za chini zimebeba wenzao wote.

Parachichi linalonyauka na kuwa kama mpira badala ya kuiva lilichumwa changa. Parachichi haliivi mtini, linakomaa tu, na hakuna ujanja wa kuliokoa likishachumwa mapema. Pasua moja kabla ya kuchuma shamba zima: ganda la kokwa likiwa jeupe, laini na limeshikamana na nyama, rudi nyumbani. Yanayooza kuanzia kwenye kikonyo yaling'olewa kwa mkono bila kuachiwa kipande cha kikonyo, au yaliangushwa. Kwa mkasi, tafadhali.

Dalili: Ulanzi umekuwa siki, au chupa imelipuka kwenye basi

Ulanzi unachacha wenyewe tangu unapotoka kwenye mwanzi, hakuna aliyekosea. Mtogwa ni wa siku hiyohiyo. Kesho yake ni mwingine, na baadaye unakuwa mkangafu, kisha siki. Anayemtumia shemeji yake ulanzi mtamu kutoka Iringa mpaka Dar ndani ya chupa iliyokazwa kifuniko anamtumia bomu dogo: gesi inaendelea kutengenezwa njia nzima, na mteremko wa Kitonga unapoisha joto la chini linaongeza kasi. Legeza kifuniko, usijaze mpaka juu, na ukubali kwamba kitakachofika si kile kilichoondoka. Ukiwa na ladha ya dawa au mafuta, chunguza dumu lilibeba nini zamani, na usiunywe.

SIMAMA mtu akisema haoni vizuri, kama kuna ukungu machoni, baada ya kunywa kinywaji kilichochanganywa na pombe kali ya kienyeji. Hapo dakika zina thamani. Ni hospitali, hata kama anasema atalala tu apone.

Dalili: Wageni wa sherehe wameugua

Saa ngapi baada ya kula? Kutapika ndani ya saa 1 hadi 6 kunaelekeza kwenye wali au nyama iliyokaa na kujenga sumu. Kuhara kuanzia siku ya pili kunaelekeza kwenye maji, mikono au kachumbari.

Mshtakiwa nambari moja ni sufuria kubwa la wali au pilau lililopikwa usiku na kufunikwa mpaka mchana. Mpishi wa Mafinga anaapa kwamba lililala nje kwenye baridi kali. Ni kweli, na bado ingiza mkono katikati ya sufuria hilo alfajiri: vuguvugu. Nje baridi, ndani bakteria wamekesha. Kupasha moto kunawaua wao, lakini sumu waliyokwisha kuiacha kwenye wali inabaki. Gawanya kwenye masinia yenye kina kifupi mara tu kikishaiva, kisipoliwa ndani ya saa 2 kipozwe kweli, au pika asubuhi. Wali wa Kyela haustahili kupikwa jana yake.

Waliougua wanywe maji ya ORS kidogo kidogo. SIMAMA na uende kituo cha afya mara moja kama kuna damu, kama mgonjwa hashikilii hata maji, au ni mtoto mchanga, mjamzito au mzee. Choo kikiwa maji meupe kama ya kuoshea mchele, toeni taarifa kwa afisa afya saa hiyohiyo. Hiyo si ya kuficha ili jina la bibi harusi lisichafuke.

Dalili: Mmepanda mpaka Ngosi, ziwa halionekani, mmefika Kitulo, maua hakuna

Kitulo kwanza, maana ni rahisi. Mmekosea mwezi. Hifadhi hiyo, iliyotangazwa mwaka 2005, inachanua wakati wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili. Julai utaona nyasi kavu, utahisi barafu kwenye masikio na kuwalaumu waongozaji. Ubaya ni kwamba mwezi wa maua ndio mwezi wa tope, kwa hiyo gari dogo libaki Mbeya.

Ngosi ni suala la saa. Ukungu unapanda ukutani mwa kreta (shimo la volkano lenye ziwa) kadiri siku inavyosonga, na kundi linaloanza kupanda saa sita mchana baada ya kusubiriana kwa chai Isongole hurudi limepiga picha ya ukuta mweupe. Anzeni asubuhi, msimu wa kiangazi. Mkifika juu mkakuta ukungu, kaeni nusu saa. Mara nyingi upepo unaupasua. Usipopasuka, kuleni mlichobeba mrudi.

SIMAMA mvua ikianza mkiwa msituni njiani kupanda. Njia ile inakuwa utelezi mtupu, mizizi haishikiki, na giza la msitu linaingia mapema kuliko la mjini. Msikilizeni mwenyeji anayewaongoza akisema turudi, hata kama mmeshamlipa.